Ukitaka Kuutafiti Mji wa Nakuru, Anzia Nje ya Mji

Wanafunzi wa mipango miji na mazingira hunitafuta mara kwa mara wakiwa na wazo la tasnifu kuhusu namna ya kuifanya Nakuru iwe mji endelevu. Wengi huja na ramani tayari, nayo inakomea kwenye mpaka wa manispaa ya zamani. Ninachowaambia kwanza ni kuuvuka mpaka huo. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini hati ile haikubadilisha maji yanakotoka wala yanakoishia.

Chagua kitu kimoja ukifuate tangu chanzo hadi mwisho. Inaweza kuwa viazi vya Molo, makaa, au taka zinazopelekwa jalala la Gioto. Mimi nilichagua maji.

Sehemu ya maji ya mabomba ya Nakuru hutoka kwenye visima vya Kabatini. Sehemu nyingine huletwa kutoka Turasha, mto unaoshuka kutoka milima ya Nyandarua na kuungana na Malewa, ambao ndio mlishaji mkuu wa Ziwa Naivasha. Kwa hiyo mtu wa mtaani Nakuru akifungua bomba, huenda anakinga maji ambayo yangemfikia mvuvi wa Naivasha au mfanyakazi wa mashamba ya maua. Ukiandika juu ya uhaba wa maji Nakuru bila kumsikiliza mtu wa Naivasha, umesikia upande mmoja tu.

Visima navyo vina mambo yake. Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkeno, na maji ya chini ya ardhi hubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huu hupita hapo. Ndiyo maana utawakuta watu wengi wenye meno ya kahawia, na ndiyo maana Jimbo Katoliki la Nakuru lilijitosa katika kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa.

Hapa ndipo hojaji inapochoka. Katika nyumba moja ya mtaa wa Rhonda, mama mwenye nyumba alinionyesha jerikeni zake zilizopangwa ukutani: ya maji ya mvua ina kifuniko kilichofungwa kwa kamba, ya bomba iko katikati, ya kisima iko mlangoni karibu na beseni la kufulia. "Hii ya mvua ni ya watoto na chai," akasema. "Hiyo ya mlangoni hawaigusi." Hakuna swali kwenye karatasi zangu lililokuwa limeuliza hivyo. Naomba sana, ukifika nyumbani kwa mtu, kaa kwanza. Acha akuonyeshe vitu vyake kabla hujatoa kalamu.

Kisha fuata Mto Njoro. Unaanzia upande wa mashariki wa msitu wa Mau, unapita Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, unaingia Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Udongo wa mashamba yaliyochukua nafasi ya msitu na maji taka ya mjini yaliyokwisha kusafishwa, vyote vinaishia humo. Tangu takriban mwaka 2010 ziwa limekuwa likipanda. Limefunika lango kuu la zamani la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru na kuziondoa familia makwao upande wa Mwariki na Barut. Mvua ndiyo sababu kubwa, ila usiishie hapo kabla hujaongea na mkulima wa kule juu. Nenda Februari, urudi Mei. Kiangazi kuna sehemu za mto utavuka bila kulowa kiatu, na aliyefika wakati wa mvua tu hawezi kuamini.

Soma pia yaliyotangulia. Katikati ya miaka ya 1990 Nakuru ilikuwa kati ya miji ya majaribio ya Ajenda 21 ya mashinani, yaani mpango wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo endelevu ulioshushwa hadi ngazi ya mji, chini ya UN-Habitat na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Na kazi ya sasa ipo: kampuni ya maji ya Nakuru imekuwa ikitengeneza makaa ya kupikia kutokana na kinyesi kilichotibiwa na vumbi la mbao. Mtu anayeujali msitu wa Mau aende akaone.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayoidhinisha utafiti, ni lazima. Baada yake mwone chifu na mzee wa mtaa.

Jambo linaloniuma ni matokeo kutorudishwa. Watu wa kando ya ziwa wamehojiwa na wengi, na wanauliza waziwazi yale majibu yao yalikwenda wapi. Tenga nauli ya safari ya kurudi tangu unapoandika bajeti. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, uusome barazani kabla ya kuwasilisha tasnifu chuoni, na wakikwambia umekosea mahali, parekebishe.