Maswali ya wasomaji: kabati la mtumba hukaguliwa mgongoni

Swali: Nimepanga chumba na sebule Tabata. Baada ya kulipa kodi ya miezi sita nimebaki na fedha kidogo. Nianze na nini?

Jibu: Anza na kitanda. Wageni watakaa mkekani, na atakayenuna hakuja kukusalimu wewe.

Swali: Nimeona godoro la sponji la futi 5 kwa 6, limetumika lakini ni safi. Ninunue?

Jibu: Hapana. Swali hili huletwa kila mara, nami jibu sijalibadilisha.

Swali: Dalali ananiuzia kabati analosema ni la mninga. Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Hutajua kwa kutazama milango, kwa sababu fundi mzuri wa Keko akishika vanishi anaweza kuzifanya mbao za paini zifanane na mninga kabla ya jua kuzama. Chomoa droo, ipindue, utazame pale ambapo brashi haikufika. Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Paini ni nyeupe yenye umanjano na vifundo vingi. Ukikuta chembe za maranda zilizogandamizwa kwa gundi, hiyo si mbao hata kidogo: ikilowa huvimba, na skrubu ikishang'oka haishiki tena. Kisha piga magoti uangalie sakafu chini ya miguu ya kabati. Nilipooa nilinunua meza iliyong'aa kama kioo, na kwa wiki mbili nilimlaumu mke wangu kwamba anamwaga unga wa ngano ukutani, mpaka aliponivuta mkono akanionyesha vitundu vidogo kama vya sindano ambamo unga huo ulikuwa ukidondoka. Wadudu walikuwa kazini tangu siku niliyolipa.

Swali: Kwa nini friji za mtumba za Japani ni rahisi kuliko za Uingereza?

Jibu: Kwa sababu zimetengenezwa kwa volti 100, na umeme wetu ni volti 230. Jumlisha bei ya transfoma kabla ya kufurahi. Na friji yoyote iliyolazwa kwenye kirikuu isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Swali: Makochi niliyoahidiwa yana kunguni wachache. Nikiyaanika juani yatafaa?

Jibu: Hakuna kunguni wachache. Hujificha katika mishono na nyufa za fremu, na huweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Makochi hayo yasivuke kizingiti chako.

Swali: Jirani anayehama ananiuzia televisheni na kabati, lakini anasema risiti ni usumbufu. Nidai?

Jibu: Dai. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na polisi wakibisha hodi, ni wewe utakayeulizwa ulivipata wapi. Karatasi ya daftari inatosha, iwe na majina yenu, namba ya kitambulisho chake, bei, tarehe na sahihi ya shahidi mmoja. Akikataa hata hiyo, mwache ahame na vitu vyake.