Maswali yenu kuhusu mwasumini

Mwasumini wangu una miaka minne, majani yake yamestawi mpaka yamefunika ukuta, lakini tangu mwaka jana hautoi maua. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mombasa)

Asumini huchanua kwenye ncha za matawi machanga, si kwenye matawi makongwe, na mti usiopogolewa hurefuka tu bila kupata ncha mpya za kutosha. Wengi huuonea huruma mti wenye afya, na kwa huruma hiyo huunyima maua. Chukua mkasi mkali uliosafishwa, uondoe kwanza matawi makavu na yaliyosongamana katikati, kisha upunguze yaliyobaki kwa theluthi moja ya urefu wake. Kila unapokata, kata juu kidogo ya jozi ya majani. Ukiinama na kutazama kwenye kwapa la kila jani, utaona kijicho cha kijani kisichozidi punje ya mtama. Vijicho hivyo viwili ndivyo vitakavyochipua, na palipokuwa na ncha moja patakuwa na mbili, ambazo mara nyingi kila moja hubeba vitumba vitatu. Baada ya hapo, kila msimu wa maua unapopungua, rudia kupogoa.

Chunguza pia mambo mawili. Je, mti unapata jua kwa saa sita hivi kwa siku? Kivulini utaishi, ila maua yatakuwa haba. Na je, umekuwa ukiupa yurea au samadi nyingi ya kuku? Naitrojeni ikizidi, nguvu yote huishia kwenye majani.

Majani machanga yanageuka manjano ilhali mishipa yake imebaki ya kijani. Niongeze maji? (Msomaji, Unguja)

Usiongeze. Hiyo ni dalili ya upungufu wa chuma, na katika bustani zilizo juu ya mawe ya matumbawe ni jambo la kawaida, kwa sababu chokaa huyafanya madini ya chuma yasinyonyeke kwa urahisi hata yakiwemo ardhini. Chimba shimo pana, ulijaze mboji na udongo mwekundu uliotoka mbali na matumbawe, au upande mwasumini kwenye chungu kikubwa chenye matundu chini. Penye dalili tayari, tumia mbolea ya chuma aina ya keleti, ambayo huweza kunyonywa hata kwenye udongo wa chokaa. Ikiwa maji ya kisima chako yana chumvi, kinga ya mvua kila inaponyesha, kwani chumvi huunguza kingo za majani.

Nina asumini ile yenye petali nyingi kama waridi dogo. Mbegu zake nazipata wapi? (Msomaji, Tanga)

Aina hiyo kwa kawaida haizai mbegu, hivyo hupandwa kwa vipandikizi. Kata tawi lililoanza kukomaa, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, uondoe majani ya chini, ulichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, na uliweke kivulini penye unyevu. Mizizi huchukua wiki nne hadi sita, kwa hiyo usiling'oeng'oe kulichungulia.

Je, utastawi Nairobi?

Utaishi, ila kwa polepole. Upande karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana, na katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, upunguze maji.

Nichume saa ngapi maua ya kutengenezea kikuba? (Msomaji, Lamu)

Chuma alasiri, kabla ya magharibi, vitumba vikiwa vimefumba bado lakini vimenenepa na kuwa vyeupe pe. Vyenye ukijani viache hadi kesho. Asumini hufunguka jioni, na harufu yake hukolea usiku. Ukichuma asubuhi, utapata maua yaliyokwisha kulegea, mengine yakidondoka kwa kuguswa tu. Vitandaze vitumba kwenye kitambaa chenye unyevu, usivirundike, mpaka utakapovifunga pamoja na rehani na mkadi.