Ukiipenda Nepal, iage Lukla, usingoje Kathmandu

Muulize mtu yeyote aliyetembea njia ya Everest aliiaga Nepal wapi, atakutajia uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu. Mimi naona hapo umeshachelewa. Ukifika Tribhuvan akili yako yote iko kwenye foleni, pasipoti na uzito wa begi, na watu uliopaswa kuwaaga, wapagazi waliokubebea mizigo, wamebaki milimani. Agana nao Lukla, mji mdogo wa milimani wenye uwanja wa ndege ambako matembezi huanzia na kuishia, tena jioni, kabla ya siku ya ndege.

Nina sababu. Lukla iko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kurukia ndege ina urefu wa mita 527 tu, nayo imeinama kuelekea bondeni. Rubani anategemea macho yake, hivyo mawingu yakifunga bonde hakuna ndege. Nyingi huruka asubuhi kabla upepo haujachafuka. Kwa hiyo asubuhi ya kuondoka ni mbio tupu: unagongewa mlango kukiwa giza, chai hujaimaliza, begi linapimwa, unaitwa, umekwenda. Au mnashinda mnautazama ukungu mpaka mchana, mnaambiwa mrudi kesho, na yule uliyeagana naye kwa machozi mnakaa naye tena meza moja usiku. Raha yake ipo, ila machozi ya mara ya pili hayaji vizuri.

Jioni ya mwisho ndiyo ya kuipa uzito. Kundi hukusanyika kwenye chumba cha kulia, karibu na jiko la kuotea moto, na wapagazi, ambao njia nzima walikuwa wakila baada yenu na kulala kwingine, wanaitwa waje. Bakshishi msiichange mkaitia kwenye bahasha moja ya kugawiwa na mtu mwingine. Kila mmoja awe na bahasha yake, ndani yake rupia za Nepal, si dola zitakazomlazimu atafute pa kuzibadilisha. Toa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umegusa kiwiko cha kulia. Ndiyo heshima ya pale. Na umtaje jina. Niliyetembea naye alikuwa mtu wa maneno machache, lakini nilipotaja jina lake na daraja ambalo alinisubiri nivuke, alicheka hadi wenzake wakageuka.

Wageni wengi hudhani kila mpagazi ni Msherpa, mtu wa kabila la milimani huko juu. Wengi ni wa makabila mengine, Warai, Watamang, Wamagar, kutoka vijiji vya chini huko. Wewe utafika Kathmandu kwa ndege ndani ya kama nusu saa. Mwenzako pengine atashuka kwa miguu. Muulize anapitia wapi kwenda kwake na nani anamngoja. Kama una koti zito au glavu ambazo huzihitaji tena, mpe zikiwa nzima na safi. Soksi iliyotoboka si zawadi, ni taka umemtwisha mtu.

Wakikuvika khada, ile skafu laini ya baraka, inamisha kichwa kidogo waiweke shingoni. Ipeleke nyumbani. Nimeshaziona zimeachwa kwenye mapipa ya hoteli, na sikupendezwa hata kidogo.

Yote haya yanataka muda, na muda unaupanga tangu siku ya kuomba viza. Ukifika hupewa ya siku 15, 30 au 90. Kwenda kambi ya chini ya Everest na kurudi Lukla kwa kawaida huchukua kama siku 12, kwa hiyo viza ya 15 inakuacha ukihesabu masaa ndege zikikwama. Chukua ya 30, uache siku mbili tatu mwishoni. Ujue pia kwamba kwenye misimu ya wageni wengi ndege nyingi za Lukla hutumia uwanja wa Manthali badala ya Kathmandu, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka Kathmandu. Usikate tiketi ya kurudi kwenu kwa siku hiyohiyo.

Siku zikibaki, usizimalizie zote kwenye maduka ya Thamel, mtaa wa watalii wa Kathmandu. Nenda Boudhanath jua likikaribia kuzama, uzunguke stupa, lile kuba kubwa la ibada la Wabuddha, pamoja na wenyeji, ukiiweka kuliani kwako. Ukinunua sanamu inayoonekana ya zamani, dai kibali cha idara ya mambo ya kale, maana vitu vya zaidi ya miaka 100 haviruhusiwi kutoka nchini. Rupia zilizobaki zitumie hukohuko. Nje ya nchi ni vigumu kupata wa kuzipokea.

Na picha ulizoahidi zitume ukiwa bado Kathmandu, kwenye intaneti ya hoteli. Usipozituma hapo, kazi na foleni za nyumbani zitazimeza. Kama mpagazi hana simu ya kupokelea, mtumie kiongozi wa safari, umwambie ipi ni ya nani.