Jibu: Sila gani nipake kwenye pevingi za njia ya gari?

Mkuu, umesema pevingi (bloku za saruji) zina miezi miwili, zimeanza kutoa unga mweupe, na fundi anataka kupaka sila ya kung'aa wiki hii. Sila ni dawa ya kupaka juu ya bloku kuzikinga na maji na madoa. Mzuie kwanza. Unga huo ni chokaa ya saruji inayopandishwa juu na maji. Ukiufunika, unabaki chini ya sila na hutaweza tena kuufagia. Acha uishe, hata kama ni miezi kadhaa.

Sila ya kung'aa, yaani akriliki, inakaa juu kama ngozi. Inakoleza rangi, na oili ikidondoka unaifuta. Ila mvua za masika zikilowesha mchanga wa chini, unyevu unakosa pa kutokea. Kwangu iligeuka nyeupe kama maziwa, nikaishia kuikwangua kwa brashi ya waya wikiendi mbili nzima. Halafu ikilowa inateleza, na wewe umesema una mteremko.

Mimi ningechukua ile inayonywewa na bloku, ya silani au siloksani, kemikali za kuzuia maji. Haibadilishi sura, na bloku inaendelea kupumua. Udhaifu wake ni kwamba haishiki mchanga wa kwenye viungo kati ya bloku, kwa hiyo jazia mchanga mkavu kabla ya kupaka.

Kabla ya kununua, tandika nailoni juu ya bloku jioni, bana kingo zote kwa utepe wa gundi. Asubuhi ukikuta matone chini yake, bado pana maji. Pakikauka, jaribu sila kwenye bloku tatu nne za pembeni, usianzie getini.