Jibu: Magazeti mawili, mgomo mmoja, na hakuna lililosema uongo

Salaam, ndugu. Umeuliza utatambuaje gazeti linaloegemea upande, ilhali yote mawili yameripoti mgomo uleule bila uongo wowote.

Anza na vitenzi vya kunukuu. Katika miaka niliyosahihisha habari kabla hazijachapwa, niliona mara nyingi kwamba anayependwa "alieleza" na asiyependwa "alidai", hata pale ambapo wote wawili walikuwa na ushahidi uleule. (Nami niliyapitisha mengi ya namna hiyo bila kushtuka.) Kisha tazama ni nani aliyenukuliwa mwanzoni na nani aliyesukumwa hadi aya ya mwisho, ambayo wengi hawaifikii.

Lililo gumu zaidi ni kuona kilichoachwa. Mwaka 1968, McCombs na Shaw, watafiti wa vyombo vya habari, waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, ambao hawakuwa wameamua wampigie nani, wakakuta kwamba mambo waliyoyaona kuwa mazito yalilingana sana na yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari. Kwa hiyo linganisha kurasa za mbele za magazeti hayo kwa wiki kadhaa, kwa sababu habari moja pekee haithibitishi upendeleo. Huenda ni haraka ya mwandishi tu.