Kabla hujatangaza kwamba umemshinda Fermat

Ukifundisha hisabati sekondari kwa miaka ya kutosha, utaletewa daftari. Mara mwanafunzi, mara jirani mstaafu, mara mtu aliyeelekezwa kwako na shemeji yako. Ndani mna suluhisho la tatizo lililoishinda dunia, na mwenyewe hataki daftari lilale kwako, asije mtu akamwibia wazo.

Siwacheki. Matatizo haya yananasa watu kwa sababu kuyaelewa ni rahisi. Chukua namba kamili yoyote kuanzia 1: ikiwa shufwa igawe kwa 2, ikiwa witiri izidishe kwa 3 kisha ongeza 1, halafu rudia. Ukianza na 7 utapita 22, 11, 34, 17, 52, na mwishowe utatua kwenye 1. Ukianza na 27 utapanda mpaka 9,232 kabla ya kushuka, hatua 111 kwa jumla. Je, kila namba huishia kwenye 1? Ndilo tatizo la Collatz, na hadi leo halina uthibitisho. Mtoto wa darasa la saba anaweza kukesha nalo.

Kwanza, basi, jua kama tatizo lako bado halijatatuliwa au lilishathibitishwa kuwa haliwezekani. Kugawa pembe yoyote sehemu tatu sawa kwa bikari na rula isiyo na vipimo ni la aina ya pili. Mwanahisabati Mfaransa Pierre Wantzel alilifunga mwaka 1837. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea njia yake: chora tao, unganisha ncha zake kwa mstari ulionyooka, gawa mstari huo sehemu tatu. Sikumtajia Wantzel. Nilimpa pembe ya nyuzi 60 na protrakta. Ya katikati ikatoka karibu 22, za pembeni 19. Akachonga penseli, akapima upya. Kisha akauliza kwa nini ya katikati ndiyo kubwa, na hapo tukawa na somo la jioni nzima.

Ninalolisisitiza zaidi ni hili: usije kunieleza, niandikie. Mwanahisabati Mwingereza Andrew Wiles husifiwa kwa miaka saba ya siri aliyojifungia darini nyumbani kwake Princeton, Marekani, akipambana na tatizo la Fermat, Mfaransa wa karne ya 17: kuthibitisha kwamba n ikiwa namba kamili inayozidi 2, hakuna namba kamili kuanzia 1 zinazotimiza aⁿ + bⁿ = cⁿ. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyofuata. Mapema 1993 alimfungulia moyo mwanahisabati mwenzake Nick Katz, wakabuni kozi ya wanafunzi wa shahada za juu iwe kisingizio cha kulipitia jambo lenyewe. Wanafunzi hawakuambiwa shabaha ni nini, wakatoweka, akabaki Katz. Alisikiliza yote, hakuona tatizo. Juni mwaka huo Wiles akatangaza ushindi Cambridge, Uingereza, magazeti yakapamba moto. Katz alipokaa na maandishi, mstari kwa mstari, akiuliza kila asichokielewa, Agosti aligusa mahali ambapo Wiles hakuwa na jibu. Msikilizaji hubebwa na sauti yako. Msomaji hana huruma hiyo.

Ilichukua zaidi ya mwaka kuziba pengo hilo, na aliyeitwa kusaidia alikuwa Richard Taylor, mwanafunzi wa zamani wa Wiles. Njia ilipatikana tarehe 19 Septemba 1994. (Walimu wenzangu, tuwatendee wema wanafunzi wetu.)

Nyumbani nako kuna watu. Mke wa Wiles, Nada, alimwambia zawadi anayoitaka siku yake ya kuzaliwa ni uthibitisho sahihi. Siku hiyo ya kuzaliwa ilipita mikono mitupu; aliupata mwaka uliofuata. Ukiwa na mwenza, mwambie unachokifanya usiku, na mkubaliane saa ya kufunga daftari.

Msomaji wako si lazima awe profesa. Mtafute anayeweza kusema “hapa sijaelewa” bila aibu, mpe kurasa mbili tu, na anapokwama usimweleze kwa mdomo. Chukua karatasi zako, ukaandike upya mstari huo.