Fundi Anajibu: Ruta Mbili Zenye Anwani Moja, Kebo Iliyokanyagwa na Saa Inayorudi Nyuma

Barua nyingi za safari hii zimefika zikiwa na hukumu tayari: ruta imekufa, kompyuta imezeeka, kampuni ya intaneti inatuibia. Nimechagua tano ambazo mshitakiwa, kwa maoni yangu, anastahili kuachiwa huru kabla msomaji hajatoa fedha kununua kifaa kingine.

SWALI: Ndugu fundi, salamu. Kampuni inayotuletea intaneti ilitufungia ruta sebuleni, na mawimbi yake hayafiki vyumba vya nyuma. Nilikuwa na ruta ya zamani, kwa hiyo nikavuta kebo kutoka tundu mojawapo la ruta ya sebuleni hadi tundu mojawapo la hiyo ya zamani, nikaiwasha chumba cha nyuma. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya pili simu moja ilikosa intaneti, ikafuata kompyuta, na sasa hata sebuleni kwenyewe mtandao unakuja na kuondoka. Nikiichomoa ruta ya zamani, baada ya muda kila kitu kinarudi sawa. Je, ni mbovu? *Mwenye ruta mbili.*

JIBU: Si mbovu. Inafanya kazi ambayo hukuiagiza, na inaifanya kwa bidii.

Ruta ya nyumbani hutoka kiwandani ikiamini kwamba nyumba nzima ni yake peke yake. Pamoja na kurusha mawimbi, hugawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga, na huduma ya ugawaji huo inaitwa DHCP. Simu yako inapojiunga hupaza sauti katika mtandao mzima ikiuliza ni nani atakayeipa anwani, kisha kwa kawaida hupokea jibu linalotangulia kufika. Sasa una wagawaji wawili kwenye kebo moja, na wote wanajibu. Jibu likitoka sebuleni, simu inapata intaneti. Likitoka chumba cha nyuma, simu inaelekezwa kwenye ruta ambayo haina njia ya kutokea nje. Anwani hizi pia hukopeshwa kwa muda maalumu, mara nyingi kwa saa kadhaa au siku moja, na ndiyo maana siku ya kwanza ilipita kwa amani: vifaa vyako vilikuwa bado vinatumia mkopo wa zamani.

Kuna uwezekano wa jambo baya zaidi. Ruta nyingi hupewa anwani ileile kiwandani, ama 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikiwa zako zote mbili zinatumia moja, una watu wawili katika nyumba moja wanaoitika jina moja, na kila kifaa kinachoita kinampata aliyewahi kuitika. Hiyo ndiyo sababu hata sebuleni mtandao unayumba.

Dawa yake inafuata mpangilio, na mpangilio huo ukivurugwa utajikuta huwezi tena kuingia kwenye ruta yako mwenyewe. Kwanza tazama anwani ya ruta ya sebuleni: ichomoe ya zamani, kisha kwenye kompyuta yenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na usome namba iliyo mbele ya neno Gateway. Tuseme ni 192.168.1.1. Andika namba hiyo kwenye kivinjari uingie katika mipangilio yake, ujue inagawa kuanzia namba gani hadi namba gani. Ikiwa ni kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, basi 192.168.1.2 iko nje ya safu hiyo na inafaa kwa ruta ya pili. Sasa unganisha kompyuta kwa kebo na ruta ya zamani pekee, hali haijaunganishwa na sebuleni, ubadilishe anwani yake iwe 192.168.1.2 na uhifadhi. Ruta itajiwasha upya, nawe utaingia tena kwa anwani hiyo mpya. Hapo ndipo unapozima DHCP, na ukishaizima usishangae kompyuta ikikosa anwani, kwa kuwa umemfunga mdomo mgawaji pekee aliyekuwapo. Rudisha kebo ya kutoka sebuleni katika tundu la kawaida la ruta ya zamani, si lile lililoandikwa WAN, yaani la kuingizia intaneti kutoka nje, na kazi imekwisha. Baadhi ya ruta zina chaguo liitwalo AP linalofanya haya yote kwa mbofyo mmoja. Ukilikuta, litumie bila kuona haya.

Huenda jirani akakushauri uchomeke kebo hiyo katika tundu la WAN na uache mengine yalivyo. Intaneti inaweza kupatikana kwa njia hiyo, mradi ruta mbili zisitumie safu moja ya anwani, lakini vyumba vya nyuma vitakuwa mtandao wa pekee ulio nyuma ya ukuta, na printa iliyounganishwa nyuma haitaonekana na kompyuta ya sebuleni. Mimi siupendi ushauri huo kwa nyumba ya kawaida.

Baada ya hapo unaweza kuzipa ruta zote jina moja la Wi-Fi na neno la siri moja, ili simu ihame yenyewe unapotembea. Chaneli, hata hivyo, zisiwe moja. Katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zimepangwa karibu karibu kiasi kwamba zilizopakana hupandana, na 1, 6 na 11 ndizo watu huzichagua kwa sababu hazigusani. Sebuleni weka 1, nyuma weka 6 au 11. Nakusihi pia usikiguse kile kitundu cha kuchomwa kwa pini kilicho nyuma ya ruta ya sebuleni. Watu hukimbilia kukichoma mtandao unapoyumba, na huenda kikafuta taarifa ambazo kampuni iliingiza siku ya kufunga. Kuanzia hapo tatizo dogo linageuka kuwa siku nzima ya kupiga simu.

Siku moja ukiona kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue iliuliza na hakuna aliyeijibu. Basi tazama kebo na mgawaji, usipoteze muda kuhangaika na kivinjari.

SWALI: Tumelipia intaneti ya megabiti 300 kwa sekunde. Kompyuta mpakato kwa Wi-Fi inapima 270 na zaidi, lakini ya mezani, iliyounganishwa kwa kebo, haijawahi kuvuka 94. Nilidhani kebo ndiyo yenye kasi. Ninunue kadi mpya ya mtandao? *Mpima kasi.*

JIBU: Usinunue kadi. Namba uliyoiandika, 94, ni ushahidi tosha. Muunganisho wa megabiti 100 ukiondoa mzigo wa taarifa za usafirishaji hubakisha kama 94 au 95, kwa hiyo mahali fulani kati ya ruta na kompyuta pande mbili zimekubaliana kutembea kwa 100 badala ya 1,000.

Ndani ya kebo ya Ethaneti kuna nyuzi 8 za shaba zilizosokotwa katika jozi 4. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi 2 tu. Gigabiti 1 hudai zote 4. Uzi mmoja wa zile jozi zisizotumiwa na megabiti 100 ukikatika, mawasiliano hayafi, yanashuka tu. Vifaa vinapochomekwa hupima na kukubaliana kasi inayowezekana, na havimwambii mwenye nyumba chochote. Taa inawaka, kurasa zinafunguka, na kila mtu anaamini kebo ni nzima.

Shika plagi ya kebo yako dirishani, kishikizo kikiwa upande wa chini, uangalie ndani kupitia plastiki yake ing'aayo. Unapaswa kuona ncha 8 zikiwa zimefika mbele kwa usawa, kila moja chini ya jino lake la dhahabu. Ncha moja ikiwa imerudi nyuma hata kwa milimita mbili, umempata mhalifu. Plagi zikiwa safi, pitisha kebo yote katikati ya vidole. Ninayo moja mezani ambayo kwa nje haina hata mkwaruzo, ila sentimita chache zimekuwa bapa kwa sababu gurudumu la kiti lilikuwa likipita juu yake kila siku, na uzi mmoja ndani umekatika.

Jaribio lisilohitaji kifaa chochote ni kuichukua kompyuta mpakato, ikiwa ina tundu la gigabiti, na kuichomeka kebo hiyohiyo. Nayo ikikwama kwenye 94, kompyuta ya mezani haina hatia. Kisha badilisha kebo pekee, bila kuhamisha tundu, maana ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichoponya. Kebo ya daraja la Cat 5e inatosha kubeba gigabiti 1 hadi mita 100. Kebo mpya nayo ikikwama, soma maelezo ya ruta yako: bado zipo ruta ambazo Wi-Fi yake ina kasi kuliko matundu yake, jambo ambalo mimi naliona ni ubahili wa mtengenezaji.

Na kwa kuwa wewe ni mpima kasi, kumbuka kwamba megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 94 ukizigawanya unapata kama megabaiti 11.75 kwa sekunde, na hiyo ndiyo namba utakayoiona unapopakua faili.

SWALI: Mtaalamu, kompyuta yangu ya mezani ya siku nyingi kila asubuhi huamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na tovuti karibu zote hunionya kwamba muunganisho si salama. Kijana mmoja ameniambia nina virusi. *Mstaafu.*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Huna virusi, una betri iliyoisha. Kwenye ubao mama wa kompyuta yako kuna betri bapa mfano wa kifungo cha koti, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, inayoiendesha saa wakati umeme umezimwa. Namba hiyo ni vipimo vyake: kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani kwamba ipo miaka mingi nyuma huona cheti hicho bado hakijaanza kutumika, ikakitilia shaka. Onyo lenyewe ni la haki, saa ndiyo inayopotosha.

Zima kompyuta, chomoa plagi ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha shika chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa ubao. Sukuma kishikizo kidogo pembeni mwa betri nayo itainuka yenyewe. Iliyolala bapa kwa kawaida huwekwa upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, lakini tazama ya zamani ilivyokaa kabla ya kuitoa. Ukiwasha, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo endeshi, sahihisha saa, na uhakikishe kwamba diski yenye mfumo endeshi bado ndiyo ya kwanza, kwa kuwa mipangilio hiyo huweza kufutika betri inapoisha.

SWALI: Kila ninaponakili faili kwenye diski ya nje, kipanya kisichotumia waya kinaanza kurukaruka na Wi-Fi inakatika. Diski ikichomolewa, kila kitu kinatulia. *Mnakilishaji.*

JIBU: Diski yako bila shaka ni ya USB 3.0. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yaliyoonyesha kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele za redio zinazoangukia katika eneo la gigahezi 2.4, ambamo kipanya chako na Wi-Fi yako vinaishi pia. Kipokezi cha kipanya kilichochomekwa kando ya diski hiyo ni sawa na mtu anayenong'onezwa karibu na mashine ya kusaga. Kipeleke upande wa pili wa kompyuta, au kitenganishe kwa kebo fupi ya kurefushia, na uihamishie Wi-Fi kwenye gigahezi 5. Kebo ya diski iliyo duni huongeza kelele, kwa hiyo jaribu na nyingine.

SWALI: Nilipuliza vumbi ndani ya kompyuta. Sasa feni zinazunguka, inalia mara tatu, na kioo ni cheusi. Nimeiua? *Msafishaji.*

JIBU: Huenda umeitikisa tu. Maana ya milio hutofautiana kwa mtengenezaji, na kitabu cha ubao mama kitakuambia, lakini mshukiwa wa kwanza baada ya kupuliza ni kadi ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, iliyolegea. Chomoa umeme, toa kadi zote, kisha rudisha moja tu, ukilinganisha pengo lake na kizuizi cha tundu, na usukume ncha zote mbili kwa nguvu sawa mpaka usikie kishikizo kikijifunga. Ikiwaka, ongeza ya pili. Isipowaka, ijaribu hiyo ya pili peke yake katika tundu lilelile, na hapo utajua kama lawama ni ya kadi au ya tundu. Na kama kompyuta yako ina kadi ya picha, chungulia nyuma kabla ya yote: watu wengi wakimaliza kusafisha huirudisha kebo ya kioo kwenye tundu la ubao mama badala ya lile la kadi.